Ubishi wa Mpira Kusini, Kabla na Baada ya Namungo

Jumatano ya Julai 8, 2020, kombe la Ligi Kuu ya Tanzania Bara lilikabidhiwa Ruangwa. Simba walikuwa wameshajihakikishia ubingwa Juni 28 jijini Mbeya, kwa sare ya bila kufungana na Tanzania Prisons, na huo ulikuwa ubingwa wao wa tatu mfululizo. Kombe lenyewe walilifuata Uwanja wa Majaliwa, mkoani Lindi, siku waliyocheza na Namungo FC. Mechi hiyo nayo ikaisha 0-0.

Sare ya namna hiyo huwaachia mashabiki kazi. Bao likiingia, ubishi hupata mahali pa kushika: nani alipoteza mpira, nani hakukaba, kipa alisimama wapi. Bila bao, mtu analazimika kuieleza mechi nzima. Shabiki wa Simba alikuwa na hoja yake tayari, kwamba bingwa aliyekuja kuchukua kombe hana sababu ya kuumiza wachezaji. Wa Namungo naye alikuwa na yake: timu iliyopanda Ligi Kuu msimu huohuo, na iliyokuwa njiani kumaliza katika nafasi ya nne, haikuhitaji kuonewa huruma na mtu. Hoja zote mbili zina uzito, na hakuna matokeo yaliyoweza kumpa ushindi mmoja wao.

Kilichokuwa kipya ni kwamba wabishani walikuwa wameiona mechi kwa macho yao, nyumbani kwao. Kwa miongo mingi, watu wa Ruangwa na wilaya jirani ya Nachingwea walikuwa wamebishana kuhusu mechi zilizochezwa mbali, kwa kutegemea sauti ya mtu mwingine.

Mpira wenyewe haukuchelewa kufika kusini. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliongoza kundi la watu waliokombolewa kutoka utumwani hadi Masasi, wakaanzisha kituo huko. Misheni hiyohiyo ilikuwa na shule Kiungani, Zanzibar, mojawapo ya mahali pa mwanzo ambapo vijana wa Kiafrika walijifunza kandanda katika ukanda huu, na baadhi ya waliosoma Kiungani wakaja bara kufundisha. Wamisionari wa Kibenediktini nao walifungua kituo cha Ndanda mwaka 1906. Katika shule za misheni za kusini, kiwanja cha mpira kikawa sehemu ya shule kama darasa lilivyo.

Nachingwea ilikuja kujulikana duniani kwa sababu nyingine. Kuanzia 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga katika Tanganyika, na Nachingwea ikachaguliwa pamoja na Kongwa na Urambo. Bandari ya Mtwara ikajengwa, reli ikalazwa kuelekea mashambani. Mapema mwaka 1951 mradi ulifutwa kwa hasara ya mamilioni ya pauni. Reli ilijikongoja kwa miaka kadhaa, ikafungwa mwaka 1962, na baadaye mataruma yakang'olewa. Mjini Nachingwea ipo hadi leo kata inayoitwa Stesheni, ingawa treni haipiti.

Baada ya hapo, safari ya kwenda Dar es Salaam ilibaki mikononi mwa barabara na kivuko cha Mto Rufiji. Masika yakikolea, magari yalikwama siku kwa siku. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003. Ukitaka kujua kwa nini kusini ilikaa pembeni mwa soka la nchi kwa muda mrefu, anza na kivuko hicho. Timu ilihitaji siku kadhaa kwenda kucheza ugenini na siku nyingine kurudi, na gazeti la michezo lilimfikia msomaji wa Nachingwea wakati Dar es Salaam wameshahamia mechi nyingine.

Redio ndiyo iliyovuka mto bila kusubiri zamu. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na mtambo wa masafa ya kati Nachingwea kwenyewe, na kwa wilaya za jirani sauti ya Ahmed Jongo, ya Charles Hilary au ya Halima Mchuka ndiyo iliyokuwa mechi. Halima Mchuka alisikika wakati ambapo wengi hawakuwahi kufikiria kwamba mwanamke angeweza kutangaza mpira. Watangazaji hao waliuchora uwanja kichwani mwa msikilizaji: mpira uko upande wa kulia, winga anamtazama beki, anampiga chenga, anatia majalo. Aliyekaa chini ya mwembe na redio ya betri aliona alichoonyeshwa.

Kutokana na hayo zikajengeka kumbukumbu ambazo watu wazima wa kusini bado wanazitaja kana kwamba walikuwapo. Juni 1, 1968, Yanga waliwafunga watani wao Simba, wakati huo wakiitwa Sunderland, 5-0. Maulid Dilunga na Salehe Zimbwe walifunga mawili kila mmoja, Kitwana Manara moja. Agosti 10, 1974, Uwanja wa Nyamagana, Mwanza, Simba walitangulia kwa bao la Adam Sabu. Gibson Sembuli akasawazisha dakika za mwisho, na katika muda wa nyongeza Sunday Manara akaipa Yanga ushindi wa 2-1. Julai 19, 1977, Simba wakalipa kisasi kwa 6-0, Abdallah Kibadeni akifunga matatu, rekodi ya mechi ya watani ambayo haijavunjwa.

Ubishi wa zama za redio ulikuwa mkali, lakini ulikuwa na mpaka wake. Mtangazaji huufuata mpira. Anamtaja aliye nao na anayemkaba. Hana nafasi ya kumweleza beki wa kushoto aliyesahau kurudi, wala kiungo aliyeziba njia ya pasi bila kugusa mpira. Hivyo mabishano yaliegemea kwa mfungaji na kipa, kwa ushujaa, bahati, refa, na maneno ya uchawi yasiyokosekana. Nani bora, Kibadeni au Sembuli? Swali hilo lingeweza kumaliza jioni nzima. Ni wachache walioweza kusema kwa uhakika timu ilijipanga vipi ilipokuwa haina mpira.

Televisheni ilipanua dirisha kidogo. Azam TV ilipoanza kuonyesha Ligi Kuu msimu wa 2013/14, vibanda umiza vilivyokuwa vikiishi kwa ligi ya Uingereza vikapata mechi za nyumbani. Kibanda cha namna hiyo kinajulikana: kuta za mabati au turubai, mabenchi ya mbao yasiyo na migongo, jenereta inayonguruma nyuma, na ubao wa mechi mlangoni ulioandikwa kwa chaki. Humo watu walianza kuona marudio ya bao kutoka pande tatu, wakajifunza kubishana kuhusu kuotea. Hata hivyo kamera nayo huufuata mpira, na wachezaji kumi na zaidi hubaki nje ya picha muda mwingi wa mechi.

Kanda ya kusini haikuwa imekosa timu kabisa. Ndanda FC ya Mtwara, Wana Kuchele, ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15 na kuufanya Uwanja wa Nangwanda Sijaona kuwa mahali ambapo Simba na Yanga walilazimika kufika. Kwa mtu wa Mtwara mjini huo ulikuwa mlango wazi. Kwa mkulima wa Kiegei, kata ya Nachingwea inayoishi kwa kilimo, Mtwara bado ilikuwa safari yenye nauli na malazi.

Ndipo ikaja Namungo.

Jina limetoka Namungo, eneo la wilaya ya Ruangwa linalojulikana kwa machimbo ya dhahabu. Timu ilipanda kutoka Ligi Daraja la Kwanza mwishoni mwa msimu wa 2018/19, mwaka mmoja na Polisi Tanzania, ikabaki na makao yake Ruangwa. Uwanja umepewa jina la Kassim Majaliwa, aliyekuwa mbunge wa Ruangwa kuanzia 2010 hadi 2025 na Waziri Mkuu kuanzia Novemba 2015 hadi Novemba 2025. Mashabiki wakaibatiza timu Wauaji wa Kusini. Mji ambao wasafiri wengi waliupita bila kushuka ukaanza kuwapokea mabingwa wa nchi kila msimu.

Kocha alikuwa Hitimana Thierry. Mbele alikuwa na Reliants Lusajo na Mrundi Bigirimana Blaise, katikati Lucas Kikoti. Watu waliokuwa wamezoea kuwajadili wachezaji wa Dar es Salaam kwa majina ya redioni walianza kuwajadili hawa kwa kuwaona mara kwa mara. Ukiwa jukwaani unaona uwanja wote. Unaona kama mabeki wanapanda pamoja au mmoja anabaki nyuma akiwafanya washambuliaji wa wageni wasiotee. Unaona kama namba sita anaziba pengo beki wa pembeni anapopanda. Unaona mshambuliaji anayewakimbiza mabeki dakika tisini bila kufunga, na unaelewa kwa nini kocha hamtoi.

Hapo ndipo lugha ya ubishi ilipobadilika. Msimu wa korosho, kati ya Oktoba na Desemba, wakulima hukutana ghalani wakisubiri kupima mazao na kusikia bei za mnada wa RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Foleni ni ndefu na mpira huipunguza. Kijana atasema straika amekula mishahara ya bure. Mzee atamjibu: "Mwanangu, anafungaje kama krosi haziji? Tazama mawinga." Wa tatu ataingilia kwamba mawinga hawapandi kwa sababu mabeki wa pembeni wanaogopa kuacha mapengo. Ndani ya dakika tano lawama imehama kutoka kwa mtu mmoja hadi kwenye mpangilio wa timu, na kuanzia hapo kila anayetaka kuchangia lazima aeleze alichokiona.

Msimu wa kwanza wa Namungo katika Ligi Kuu ulikatizwa. Machi 17, 2020, Majaliwa, akiwa Waziri Mkuu, alitangaza kusimamishwa kwa mikusanyiko na ligi zote kwa sababu ya virusi vya korona. Ligi ilirejea Juni 13 kwa ratiba iliyobanana. Timu nyingi zilikata pumzi katika lala salama; Namungo haikutetereka. Ilimaliza ya nne, nyuma ya Simba, Yanga na Azam. Msimu huohuo Ndanda ikashuka daraja, kwa hiyo timu hizo mbili za kusini zilikuwa zimekutana Ligi Kuu kwa msimu mmoja tu.

Namungo ilikuwa pia imefika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam. Siku tisa kabla ya fainali, Julai 24, alifariki Rais mstaafu Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, Masasi, ambaye Uwanja wa Taifa wa Dar es Salaam ulianza kujengwa katika zama zake na sasa unabeba jina lake. Alizikwa Lupaso Julai 29. Kusini ilikuwa bado katika msiba timu yake ilipokwenda Sumbawanga, upande wa pili wa nchi, kucheza na Simba Agosti 2 kwenye Uwanja wa Nelson Mandela.

Simba walifunga mawili kipindi cha kwanza, Luis Miquissone na John Bocco. Kipindi cha pili Edward Manyama akaifungia Namungo, lakini bao la kusawazisha halikupatikana. 2-1.

Fainali hiyo iliacha hoja ambayo haijafungwa. Simba walikuwa tayari mabingwa wa ligi na walikuwa na tiketi ya Ligi ya Mabingwa Afrika, hivyo nafasi ya Kombe la Shirikisho Afrika ilikuwa ya Namungo, washinde au wafungwe. Wako wanaoamini kwamba uhakika huo uliwafanya waanze kwa upole, wakaamka wakiwa nyuma mabao mawili. Wako wanaoona kinyume: timu isiyo na cha kupoteza ingeanza kwa kasi, na kilichowazidi ni ubora wa Miquissone akipewa nafasi ya kukimbia. Anayeshikilia hoja ya kwanza anamhukumu kocha. Anayeshikilia ya pili anamsifu mpinzani.

Mwishoni mwa 2020, Hitimana aliondoka na Hemed Suleiman, maarufu kama Morocco, akashika timu. Mechi za Afrika hazikuchezwa Ruangwa. Namungo ilihamia Uwanja wa Azam, Chamazi, Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilomita 450. Mashabiki walioyafundisha macho yao kutazama uwanja mzima walirudi kwenye redio na kibanda umiza wakati timu yao ilipofika mahali ambapo haikuwahi kufika. Waliivuka Al-Rabita ya Sudan Kusini, kisha Al-Hilal Obeid ya Sudan kwa jumla ya 5-3. Kati yao na hatua ya makundi wakabaki Primeiro de Agosto wa Angola.

Mechi ya kwanza ilipangwa Luanda katikati ya Februari 2021. Namungo walifika, vipimo vya korona vikafanyika, na mamlaka za Angola zikasema watu wanne wa msafara wameambukizwa na kutaka timu nzima iwekwe karantini. Mechi haikuchezwa. Shirikisho la Soka Afrika, CAF, likaamua mechi zote mbili zichezwe Dar es Salaam. Wanne wale walibaki Luanda. Wenzao wakarudi na kujipanga upya.

Februari 21, Chamazi, Namungo ilishinda 6-2. Februari 23, kwenye Uwanja wa Mkapa, Simba waliwafunga Al Ahly, mabingwa wa Afrika, 1-0 kwa bao la Miquissone. Februari 25 Namungo na Waangola wakarudiana. Sidhani kama kusini imewahi kupata siku tano zenye mpira mwingi wa kujadili kuliko hizo.

Kabla ya marudiano ubishi ulikuwa wa hesabu. Mechi ya 6-2 ndiyo iliyotakiwa kuchezwa Luanda, kwa hiyo Namungo ikihesabiwa mgeni, mabao yake sita ni ya ugenini. Wakifungwa 4-0, jumla inakuwa 6-6, na mabao ya ugenini yanawavusha. Lakini mabao ya ugenini yana maana gani timu zote zikicheza Chamazi mara mbili? Mmoja atasema kanuni ni kanuni. Mwingine atauliza Waangola waliosafiri hadi Dar es Salaam wanaitwaje wenyeji. Mechi yenyewe iliwaondolea shida hiyo: Namungo ilifungwa 3-1, ikapita kwa jumla ya 7-5. Kwa mara ya kwanza Ruangwa ilikuwa na timu katika makundi ya mashindano ya Afrika, mwaka ambao Simba nao walikuwa katika makundi ya Ligi ya Mabingwa.

Makundi yalikuwa magumu. Raja Casablanca ya Morocco, Pyramids ya Misri na Nkana ya Zambia zilikuwa kundi moja na Namungo, na wawakilishi wa kusini walimaliza mechi sita bila pointi. Mabao yaliyomiminika dhidi ya Waangola yalikauka. Mechi ya Casablanca, Machi 2021, ndiyo inayofaa kutazamwa kwa makini: Raja, wakiwa kwao, walishinda 1-0 tu. Timu ya wilaya ilikuwa imekaba vizuri dhidi ya klabu kubwa ya Afrika Kaskazini. Ilichokosa ni njia ya kutoka. Kila mpira ulipookolewa ulirudi, kwa sababu mshambuliaji alikuwa peke yake na viungo walikuwa wamechoka kukimbia bila mpira. Mwezi Julai Raja walitwaa kombe lenyewe kwa kuwafunga JS Kabylie ya Algeria 2-1 kwenye fainali.

Tangu hapo soka la nchi limepata fedha nyingi zaidi. Mei 2021 Azam Media na Shirikisho la Soka Tanzania, TFF, walisaini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya Sh225.6 bilioni, na vipindi vya uchambuzi vimejaa asubuhi hadi usiku katika redio za Dar es Salaam. Namungo imeendelea kuwamo Ligi Kuu, na msimu wa 2024/25 ilikuwa chini ya Juma Mgunda, aliyewahi kuzifundisha Coastal Union na Simba. Shabiki wa Ruangwa ana uchambuzi wa wataalamu kwenye simu yake. Tofauti na zamani, anaweza kuupima kwa alichokiona mwenyewe uwanjani Jumamosi.

Hemed Morocco naye alisonga mbele. Januari 2024 alishika timu ya taifa, Taifa Stars, katikati ya fainali za Afrika nchini Côte d'Ivoire, na Novemba 19, 2024 aliipeleka timu kwenye fainali zilizofuata kwa ushindi wa 1-0 dhidi ya Guinea, bao la Simon Msuva. Agosti 2025 Tanzania iliandaa CHAN, fainali za Afrika za wachezaji wa ligi za ndani, pamoja na Kenya na Uganda, na Stars ikafika robo fainali. Agosti 22, kwenye Uwanja wa Mkapa, ilifungwa na timu ya taifa ya Morocco 1-0, na wiki moja baadaye Morocco wakawa mabingwa kwa kuwafunga Madagascar 3-2 jijini Nairobi.

Kwa waliomfuata kocha huyo tangu Namungo, mechi mbili hizo haziachani: 1-0 dhidi ya Raja mwaka 2021, 1-0 dhidi ya Morocco mwaka 2025, mara zote dhidi ya timu iliyokwenda kubeba kombe. Upande mmoja unasema hilo linathibitisha kwamba ukabaji wake ni wa kiwango cha juu, na kwamba alichokosa ni mfungaji mmoja. Upande wa pili unasema kocha aliyepoteza kwa namna moja mara mbili, kwa tofauti ya miaka minne, alipaswa kuwa ameshaongeza mtu wa pili mbele.